Bango la Sanket Gajbhiye

Haya ninayoyaandika ni kweli tupu, toka neno la kwanza hadi la mwisho. Naapa kwa pensheni yangu, ambayo shirika la mabasi hunilipa kila mwezi huku likinung'unika, na kwa macho yangu yote mawili, likiwemo hili la kushoto lenye mtoto wa jicho. Najua watu wa mji wetu wa Amravati wanasemaje juu yangu. Ni kweli niliwahi kudai kwamba chui alipanda basi langu na nikamkatia tiketi ya kwenda Chikhaldara. Ile nilitia chumvi kidogo. Hii ya nyumba ya Namdev Gajbhiye haina hata punje.

Sanket alirudi nyumbani siku chache kabla ya sikukuu ya Diwali, wakati ambapo hakuna aliyemtarajia. Mama yake, Pramila, alikuwa uani akipiga mikate ya mtama kwa viganja. Aliposikia geti la bati likilia alidhani ni mbuzi wa jirani, akapaza sauti kumfukuza. Kisha akageuka na kumwona mwanawe amesimama na begi mgongoni.

"Hee! Sanket? Chuo kimefungwa?"

"Hapana, mama."

"Unaumwa?"

"Hapana."

"Umepigana na mtu?"

"Hapana, mama. Nina njaa kidogo."

Akala mikate miwili na mchuzi wa dengu, akaosha sahani yake mwenyewe, akaingia ndani na kulala kwenye kitanda cha chuma, uso ukutani. Wiki ile karibu yote aliimalizia hapo. Hakulia wala hakufoka. Akiitwa kula alikuja, akiambiwa aoge alioga. Ukimuuliza kitu alikujibu kwa adabu, kama karani anayekaribia kufunga dirisha.

Mdogo wake, Karuna, anayesoma darasa la kumi na mwenye ulimi mkali kuliko wa bibi yake, alijaribu kumchokoza.

"Mheshimiwa injinia! Feni imegoma. Au huko mnafundishwa roketi tu, feni hamzijui?"

Sanket akainuka, akaigusa swichi, feni ikazunguka. Akarudi kulala.

"Mama," Karuna alisema akiwa jikoni, "kaka hayuko sawa. Nimemwita ng'ombe mara tatu na hajanirudishia hata mara moja."

Siku iliyofuata Pramila akamtuma Sanket mafuta ya kupikia, makusudi tu, ili apigwe na jua. Duka liko njia panda ya soko la machungwa, unafika kabla mate hayajakauka mdomoni. Sanket alichukua muda mrefu mno. Karuna akamfuata kwa mbali, akamwona akizunguka nyuma ya ghala la pamba na kupita kwenye reli, njia ambayo hata mbwa hawaitaki, kisha akarudi kwa njia hiyo hiyo na chupa ya mafuta mkononi.

Pale njia panda ndipo lilipokuwa bango. Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa kuingia vyuo vikubwa vya uhandisi yakitoka, tuisheni za mji wetu hubandika sura za watoto waliofaulu juu ya majengo, kubwa kuliko za wagombea ubunge. Mwaka ule tuisheni ya Shikhar ilimpandisha Sanket. Jicho lake moja tu lingetosha kuwa meza ya watu wanne. Chini ya kidevu ziliandikwa namba nyekundu: WA 212 INDIA NZIMA. Mtaa wetu mzima tulipiga picha hapo. Namdev alikwenda na baiskeli yake, akasimama chini ya sikio la mwanawe, akashindwa kutabasamu kwa furaha.

Sasa mtoto mwenyewe alikuwa anaikwepa sura yake kwa kupita relini.

* * *

Namdev huosha mabasi depo. Hurudi nyumbani na viatu vya mpira vilivyolowa, huviweka mlangoni vichwa chini, na husema machache. Alikaa kimya siku kadhaa. Jioni moja akaketi ukingoni mwa kitanda, miguuni pa mwanawe.

"Wamekupiga?"

"Hapana, baba."

"Wamekutukana?"

"Hapana. Wana adabu sana."

"Sasa?"

Sanket akaeleza, macho ukutani, sauti imenyooka kama ya mtu anayetangaza ratiba ya mabasi. Ukifika kule bwenini, alisema, kabla hujaulizwa jina unaulizwa ulishika nafasi ya ngapi. Wenye nafasi za juu hukaa katikati ya meza, na mazungumzo yote hupita kwao. Asiyetaja namba yake anajulikana ni wa viti maalumu, yaani sisi ambao serikali ilitutengea orodha yetu baada ya babu zetu kufungiwa milango kwa sababu ya tabaka walilozaliwa. Wapo wengi wa namna hiyo, wana upande wao wa meza, na Sanket alikaa huko na wenzake, akala, akasoma, hakuwa na shida.

"Niliulizwa namba yangu, nikasema nimesahau. Wakacheka. Hakuna anayesahau."

"Halafu?"

"Kuna Tanmay Joglekar. Wa hapa hapa Amravati, tulikuwa naye Shikhar. Alikuja nyumbani likizo fupi, akalipiga picha lile bango, akalituma kwenye kundi la simu la bweni. Akaandika, kumbe tunaishi na mtu mkubwa hatujui."

"Hilo si jambo zuri?"

"Lilikuwa zuri, baba. Wakanisogezea kiti, katikati kabisa. Wakaniuliza maoni yangu juu ya mambo. Siku nzima." Akakwangua rangi ya ukuta kwa ukucha. "Nikakaa. Nilijua namba ile si ya orodha wanayoifikiri, na nikakaa. Nikala nao."

Namdev akasogea karibu kidogo kitandani.

"Kesho yake mmoja akatafuta orodha ya jumla. Huko mimi ni wa elfu tisa na kitu. Mia mbili na kumi na mbili ni kwenye orodha yetu sisi. Shikhar hawakuandika hilo."

"Wakakufukuza mezani?"

"Hapana. Walisogea tu. Wakaanza kuniita Bango. Bango, pitisha chumvi. Bango, wewe unasomeshwa bure, si utununulie chai? Wanacheka, na mimi nacheka. Mwalimu wa maabara alilisikia, akadhani ndilo jina langu. Akaniita mbele ya darasa, Bango, njoo hapa. Hakuwa na nia mbaya."

"Ukafanyaje?"

"Nikaitika."

Huko nje Pramila alikuwa ameacha kupiga mikate ili asikie. Namdev akakuna goti lake.

"Mimi depo wananiita Ndoo, tangu hujazaliwa. Mtu huzoea."

"Najua, baba. Ndicho ninachokiogopa."

Namdev akalivuta shuka, akaifunika miguu ya mwanawe.

"Unataka nini, mwanangu?"

"Lile bango lishuke. Likishuka nitarudi chuoni."

Ndilo jambo pekee aliloliomba tangu arudi.

* * *

Kesho yake Namdev akavaa shati la harusini, akaenda Shikhar kumwona mwenyewe, Mwalimu Khare. Akavua viatu mlangoni ingawa wengine waliingia navyo. Akaketi kwenye benchi, mzazi mmoja akapita mbele yake, na mwingine, na familia nzima pamoja na shangazi. Msichana wa mapokezi akamuuliza kama amekuja kutengeneza bomba. Alipoingia hatimaye, kiyoyozi kilimpiga kifuani kama maji ya mpira wa kuoshea mabasi.

"Aa, Namdev! Karibu, karibu," alisema Khare, ambaye kwa umri angeweza kuwa mdogo wake wa mwisho. "Hapana, hicho kiti ni cha wazazi wanaoandikisha. Kaa pale pembeni. Injinia wetu hajambo?"

"Hajambo, bwana. Nimekuja kwa ajili ya bango."

"Unataka nakala ndogo ya kuweka nyumbani? Mbona rahisi!"

"Ninaomba lishushwe. Au iandikwe kwamba namba ni ya orodha yetu. Maneno mawili matatu tu."

Khare akaweka kalamu chini taratibu. "Ile mia mbili na kumi na mbili si namba yake?"

"Ni yake."

"Basi kuna uongo gani?"

"Watu wanaielewa vinginevyo, bwana. Kule chuoni inamtesa mtoto."

"Namdev, bango lina nafasi ndogo. Hatuwezi kuandika kila kitu."

"Bango ni kubwa kuliko nyumba yangu, bwana."

Khare akacheka kweli kweli, akamwita msichana wa mapokezi aje asikie. "Unasikia huyu? Kubwa kuliko nyumba yangu!" Akapangusa macho. Kisha akasema kwa upole kwamba amefurahi kusikia Sanket yuko mjini, maana Jumapili kuna sherehe ya wanafunzi wapya, ukumbi utajaa wazazi, na kijana atapanda jukwaani aseme machache. Aje na fulana ya chuo.

"Hajisikii vizuri, bwana."

"Dakika chache tu. Na Karuna wetu anaendeleaje? Binti mwerevu sana. Unajua tunamfundisha bila ada kwa heshima ya jina la kaka yake. Haya mambo yote yanashikana, Namdev."

Namdev akarudi nyumbani akisukuma baiskeli badala ya kuipanda. Pramila alikuwa anamsubiri getini.

"Ulimwambia?"

"Nilimwambia."

"Akasema?"

"Hawezi. Na Jumapili anamtaka jukwaani. Akataja na Karuna."

"Na wewe ukasema nini?"

"Nikasema asante."

"Asante ya nini, baba Sanket?"

"Sijui. Ilitoka tu."

Karuna akaruka kutoka jikoni. "Mimi siitaki tuisheni yao! Nitasoma nyumbani."

"Nyamaza wewe!" Pramila akamkemea. "Utafundishwa na nani nyumbani, mbuzi?"

"Mbuzi ana afadhali kuliko Khare. Hatii mafuta kichwani."

Hata Namdev alikaribia kucheka. Ndipo sauti ya Sanket ikatoka chumbani, ile ile ya ratiba ya mabasi.

"Nitaenda."

Wote watatu wakatazama mlango. Hakutoka. Baadaye Pramila akalifungua begi lake kutafuta fulana ya chuo, akaikuta chini kabisa, ingali na mikunjo ya dukani. Hakuwahi kuivaa hata mara moja. Akaipiga pasi polepole, akiizunguka ile nembo, kwa sababu aliogopa kuiunguza.

* * *

Jumapili ukumbi ulijaa hadi ngazini. Familia ya Gajbhiye ilipewa viti nyuma ya nguzo, mahali ambapo Pramila aliliona jukwaa kwa jicho moja moja. Mbele kulikuwa na sofa, na kwenye sofa wazazi wa Tanmay Joglekar, na katikati yao Khare mwenyewe, nywele zake chache zimelazwa kwa utaratibu kutoka sikio hadi sikio. Nyuma ya jukwaa walikuwa wametundika picha ile ile ya njia panda, na namba ile ile nyekundu.

Sanket akaitwa, akavishwa shada la maua ya manjano, akapewa maiki. Akaishika kwa muda bila kusema, mpaka fundi mitambo akadhani imezima.

"Jai Bhim," akasema, salamu yetu sisi tuliofungiwa milango.

Mstari wa mbele ukatikisika kidogo. Nyuma ya nguzo Namdev alishika mkono wa mkewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele za watu.

"Naitwa Sanket. Namba iliyo nyuma yangu ni ya viti maalumu. Kwenye orodha ya jumla mimi ni wa elfu tisa. Chuo kile nimeingia kwa haki yangu, mlango uliofunguliwa kwa sheria, na mtihani niliufanya mwenyewe. Sikumdanganya mtu. Waliodanganya wamekaa kwenye sofa. Na wale wanaosogea mezani wakijua mtu ametoka wapi, mimi siwaonei hasira, nawaona wadogo. Karuna, toka hapo ulipo, twende nyumbani."

Jamani, ukimya ulioingia mle ndani! Sambusa zilipoa mikononi mwa watu. Feni zote zilisimama, na umeme ulikuwepo. Nywele za Khare zikainuka kutoka sikioni zikasimama wima kama bendera. Kisha mzazi mmoja wa nyuma, muuza vitunguu, akasimama na kupiga makofi, na mwingine, na mwingine, mpaka sofa ikabaki peke yake.

Namdev hakusubiri. Alipanda baiskeli hadi depo, akachukua ngazi ndefu wanayooshea mapaa ya mabasi, akaibeba begani hadi njia panda. Akapanda juu na kisu cha kukatia ngozi za viti. Mji ulisimama. Malori yalizima injini. Akamkata mwanawe taratibu kuzunguka nywele, masikio, kidevu, asimjeruhi, na ule uso ukang'oka, ukaelea hewani kama shuka, ukatua juu ya soko la machungwa ukafunika mikokoteni yote. Zile namba nyekundu akaziacha juu, peke yake, hazina mwenyewe. Jioni Sanket akapanda treni kurudi chuoni, akiimba.

* * *

Ningeweka nukta hapo. Ndipo nilipoiweka siku ile nilipokuwa kantini ya stendi, nikiwasimulia abiria waliokuwa wakisubiri basi la Akola. Mama mmoja mwenye kikapu cha njegere alikuwa anajifuta macho kwa ncha ya sari. Kijana mmoja alisema angependa kumshika mkono huyo baba. Nikanyanyua glasi yangu ya chai, nikakuta hawanitazami mimi tena, wanatazama nyuma yangu.

"Jai Bhim, kaka Uttam."

Namdev alikuwa amesimama mlangoni na viatu vyake vya mpira, maji yakimchuruzika.

"Jai Bhim, Namdev! Karibu. Nilikuwa tu..."

"Nimesikia. Tangu pale uliponibebesha ngazi."

Yule mama wa njegere akainuka nusu. "Ndiye wewe? Ndiye uliyelikata bango?"

Namdev akaitazama mikono yake kana kwamba ingemsaidia kujibu. "Hapana, mama. Bango lipo. Basi lenu likitoka mtalipita, upande wa kushoto."

Mimi nikagundua kwamba chai yangu ina jani, nikaanza kulitafuta kwa kidole.

"Na mtoto?" kijana akauliza. "Alisema yale?"

"Alisema, someni kwa bidii, wasikilizeni walimu. Wakapiga makofi. Wakampa shada na begi la safari. Mdogo wake anaendelea kusoma pale pale."

"Akarudi chuoni?"

"Jioni ile ile."

"Hakuwa na hasira?"

"Hakuwa na kitu." Namdev alifikiri kama amesema sawasawa, akaona amesema sawasawa. "Anapiga simu kila Jumapili. Namuuliza umekula nini, ananiambia. Wali, dengu, kachumbari. Juzi nilisikia wenzake nyuma yake wakiita, Bango, tunachelewa. Akasema, nakuja. Akakata simu."

Mama wa njegere akaifunga vizuri ncha ya sari yake. Akanigeukia.

"Wewe mzee huna haya. Umenitoa machozi ya bure mchana kweupe."

"Alipe!" akasema mtu kule nyuma. "Alipe chai za watu wote!"

"Na maandazi ya dengu," akaongeza kijana. "Mimi nilikula matatu kwa ajili ya huzuni."

Sikubisha. Nikatoa zile noti nilizokuwa nimezipangia dawa ya jicho, nikazihesabia mezani, na muuza kantini, ambaye amenisubiri miaka mingi anikamate, akazichukua bila kunirudishia chenji. Nikamwagizia Namdev glasi yake. Akainywa kwa kusimama, maana hakutaka kulowesha benchi.

Basi la Akola likapiga honi, abiria wakaanza kuokota mizigo yao. Namdev akaweka glasi chini, akapangusa masharubu. Hakuondoka.

"Kaka Uttam."

"Naam."

"Pale aliposhika maiki. Ulisema alisema nini?"

Nikamtazama usoni nikitafuta dhihaka. Haikuwepo. Alikuwa anasubiri tu, mikono imening'inia, kama mtu aliye kwenye foleni.

Nikarudia.